Gari Iliyoshushwa kwa Ajili ya Mama Mkwe

Katika mji wetu wa Baraka gari hupandishwa, haishushwi. Mtu akinunua gari ndogo iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, kabla hajaipeleka popote huipeleka kwa fundi ili iinuliwe: vipande vya chuma juu ya resori za mbele, zile springi zinazobeba gari, majani ya chuma ya ziada kwenye resori za nyuma, matairi makubwa kidogo. Sababu inajulikana na kila aliyewahi kwenda Misisi wakati wa mvua. Barabara ina mawe katikati, na mifereji iliyochimbwa na malori, na gari yenye tumbo la chini hubaki humo hadi watu waje kuibeba. Kwa hiyo siku nilipoanza kukata resori za gari yangu kwa msumeno wa chuma, mbele ya ua wangu, majirani walikuja kutazama kama watu waliofika kwenye msiba bila kuambiwa ni wa nani.

“We iko na akili kweli?” aliniuliza jirani yangu, mwenye pikipiki ya kubeba watu. “Bantu banaongeza resori, we unapunguza. Hii motokari itatembea na tumbo sawa nyoka.”

Nilimjibu kwamba ninajua ninachofanya. Nilikuwa ninajua nusu yake.

Sababu ilikuwa mama mkwe. Anaishi Lubondja, katika shamba ambalo marehemu mume wake alimwachia. Ana sukari, na juu ya kifundo cha mguu wa kushoto alipata kidonda kilichokataa kufunga. Muuguzi wa pale kijijini alisema wazi kwamba kidonda kile si cha kuoshwa kwa maji ya moto na kusubiriwa. Kilihitaji hospitali ya Baraka, na si mara moja: aende, asafishwe, arudi, aende tena. Asipokwenda, mguu utapotea, na mguu ukipotea vibaya huenda na mwenyewe.

Pikipiki hakuweza, kwa sababu mguu haukukunjika. Kuhamia kwetu hakungewezekana, kwa kuwa mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe. Mtoto wake wa kiume yuko Misisi kwenye mashimo ya dhahabu, na kurudi kwake hutegemea mashimo. Ilibaki gari yangu, na mimi dereva wake.

Hapo ndipo penye ugumu ambao mgeni anaweza asiuone. Mimi siwezi kumgusa mama huyo. Tangu nilipomwoa binti yake sijamshika mkono, sijala mbele yake, sijamtazama usoni kwa muda. Tukikutana njiani mmoja wetu hukaa kando hadi mwingine apite. Akitaka kuniambia jambo humwambia binti yake, na mimi niko palepale ninasikia kila neno. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima, na wengine wa umri wangu wameiacha, lakini sisi hatukuiacha, na sijawahi kuona kwamba imetupunguzia kitu.

Siku ya kwanza niliyokwenda kumchukua, gari ilikuwa bado juu. Kizingiti cha mlango kilimfikia karibu na paja. Mke wangu alimshika mkono mmoja, jirani yao wa kike akamshika wa pili. Mama alijaribu kuinua mguu mzima, akakosa nguvu ya kusimamia ule mgonjwa, akarudi chini. Akajaribu kutanguliza kukaa, lakini kiti kilikuwa juu mno. Mimi nilikuwa nyuma ya gari, nimeelekea milima, ninafunga kamba ambayo haikuhitaji kufungwa. Kazi yangu ni kutengeneza mota za mitumbwi ya uvuvi, na mota hizo ninazibeba begani. Ningeweza kumwinua mara moja na kumweka kitini. Niliendelea kufunga kamba.

Mwishoni wanawake waliitana, wakamshika miguu na mabega, wakamsukuma ndani. Kikwembe chake, kitenge alichojifunga, kikapanda. Sikuona, lakini nilisikia watu wote wakinyamaza kwa pamoja, na kunyamaza kule kuliniambia kilichotokea.

Jioni, tulipomrudisha na kumshusha kwa taabu ileile, mama alimwambia binti yake kwa sauti iliyopimwa inifikie na mimi.

“Ambia bwana yako aksanti. Lakini mi sitapanda tena. Bananibeba sawa maiti, na mi ningali muzima.”

“Mama, na muguu?”

“Muguu ni wangu.”

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi. Ama apande mwenyewe, kwa nguvu zake, au hatapanda kabisa.

Wiki ile mke wangu alikwenda kumjulia hali, akarudi na uzi wenye fundo. Alikuwa amepima kiti cha mti ambacho mama hukalia jikoni, kile anachokaa na kuinuka bila kusaidiwa na mtu. Fundo lilionyesha urefu wake kutoka chini. Nilifunga uzi ule kwenye mlango wa nyuma wa gari, nikaanza kazi. Nilitoa vyuma vya mbele na majani ya nyuma yaliyoongezwa. Kiti kilikuwa bado juu ya fundo. Ndipo nikakata resori za mbele, kila upande kipande kimoja, kwa msumeno na si kwa moto, kwa sababu chuma cha resori kikiungua hakirudi kuwa resori. Nyuma nikapunguza tena. Kiti kilipofika kwenye fundo niliacha.

Siku iliyofuata niliipeleka gari kwenye barabara ya Fizi, na sikufika mbali. Usukani ulikuwa mwepesi katikati, kama mpini wa jembe uliolegea. Gari ilielekea kushoto bila kuelekezwa. Nikiirudisha, ilipitiliza kulia. Kila gurudumu lilipokanyaga jiwe, usukani ulinivuta mkono. Nilirudi nyumbani polepole, nimeushika kwa mikono yote miwili, na nilipogusa matairi ya mbele upande wa ndani nilikuta mpira umeanza kukwaruzwa kama uliosuguliwa na jiwe la kunolea.

Mambo ya magari sikuyasomea shuleni. Nina kitabu cha ufundi wa magari, cha Kifaransa, nilichokinunua Uvira katika rundo la vitabu vikuukuu. Jalada limetoka na kurasa za mwanzo hazipo. Nimekisoma kwa kamusi, aya kwa aya, miaka mingi. Nilikaa nacho tena nikaelewa nilichokuwa nimesoma bila kukihitaji. Kutoka katikati ya gari hutoka fimbo mbili zinazoyageuza magurudumu ya mbele. Fimbo zikiwa zimelala, magurudumu hutazama mbele sawasawa. Ukishusha gari, ncha za nje za fimbo hupanda, kama mikono ya mtu anayesema hajui, na upana wake hupungua. Katika gari yangu zinashika gurudumu kwa nyuma. Basi nyuma ya magurudumu huvutwa ndani, na mbele hufunguka. Yanatembea kama miguu ya bata.

Kuyanyoosha ni kazi ya uzi na uwanja ulio sawa. Uwanja wa namna hiyo Baraka ni ule wa saruji karibu na maji, ambapo wanawake hukausha ndagala. Niliwaomba nafasi wakati walipokuwa wanageuza samaki. Nikanyoosha uzi kandokando ya gari, mbele hadi nyuma, nikapima.

“Fundi, unapima motokari kaburi?” aliuliza mmoja.

“Itakuwa kaburi fupi,” akasema mwingine. “Motokari yenyewe imesha ingia nusu.”

Nilirefusha fimbo zote mbili kwa kiasi kilekile hadi uzi ukagusa kila gurudumu mbele na nyuma. Nikaijaribu gari nikiwa peke yangu: ilikwenda sawa. Nikafurahi. Kesho yake nikawapakia watu wa nyumbani ili nione, na kabla ya kufika sokoni ilikuwa imerudia ubata wake.

Nilikuwa nimeipima tupu. Lakini kwetu hakuna gari inayosafiri tupu. Ukitoka Lubondja na kiti kikabaki wazi, utakuwa umemnyima mtu aliyesimama njiani, na kesho utapita mbele ya mlango wake. Gari yangu siku ya safari ingejaa, na ikijaa ingeshuka zaidi, na ikishuka zaidi fimbo zingepanda tena.

Ilibidi basi nipime gari ikiwa na watu ndani, kila mmoja mahali pake. Niliwarudisha wote kwenye saruji. Mahali pa mama mkwe, nyuma upande wa kushoto, palikuwa wazi, na sikujua nani akae pale. Nilimwita mke wangu kando.

“Ni nani hapa anafanana na mama?”

“Kufanana namna gani?”

“Umbo.”

Alinitazama. “We unauliza kilo ya mama yangu?”

“Siulizi kilo. Ninauliza tu nani anafanana naye.”

“Iyo ndiyo kuuliza kilo.”

Sikuweza kuuliza tena. Mmoja wa wauza ndagala, mama mnene na mwenye sauti, alikuwa amesikia. Alifuta mikono kwenye kikwembe, akaja akakaa pale nyuma, akavuta mlango.

“Sasa niko mama mukwe wako,” akasema. “Usiniangalie. Na unapokea mama mukwe bila ata chai?”

Wenzake walicheka hadi wakaacha samaki. Mke wangu naye alicheka, kisha akasogea dirishani akamtazama yule mama kwa makini, kichwa hadi magoti.

“Jipunguze kidogo, jiinue na mikono,” alimwambia. “Wetu amekonda.”

“Amekonda sana?”

“Sana kidogo.”

Nilisikia jibu lile nikiwa nimelala chini ya gari na ufunguo wa nati mkononi, na ndivyo nilivyojua kuhusu mama kitu ambacho sikuwa nimeambiwa.

Nilirefusha fimbo tena, watu wakiwa wamekaa. Uzi uligusa. Tukaenda hadi mwisho wa barabara na kurudi tukiwa tumejaa, na usukani ulikaa mkononi mwangu umetulia.

Tulipokwenda kumchukua tulijaza gari na watu wa kule. Kwenye bariyeri askari alituzunguka, akainama kutazama chini.

“Motokari inapiga magoti ju ya nini?”

“Inasalimia,” akasema mke wangu, na tukapita.

Sehemu zenye mifereji nilizipita taratibu, magurudumu ya upande mmoja juu ya ukingo. Tumbo liligusa mara kadhaa. Lakini gari ilikwenda ilikoelekezwa.

Mama alitoka akiwa na fimbo yake. Aliikagua gari kama mtu anavyokagua mbuzi wa kununua. Akageuka, akatanguliza kukaa, na kiti kikampokea. Akaushika mguu mgonjwa kwa mikono miwili, akauingiza ndani, akafunga mlango mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeelekea milima. Nilisikia mlango ukifunga.

“Ambia bwana yako motokari imekuwa muzuri,” alisema.

Kabla ya kuondoka niligeuzia juu kioo cha dereva, ili macho yetu yasikutane humo. Mbele, kushoto kwangu, alikaa katekista mmoja mzee aliyekuwa anakwenda Baraka. Nyuma walikaa mama, mke wangu, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mizigo yao ilikuwa kwenye buti. Tulikwenda vizuri hadi darajani.

Daraja lile ni magogo yaliyolazwa kuvuka mto, na juu yake mistari miwili ya mbao, mmoja kwa kila upande wa magurudumu. Katikati unaona maji. Malori yenye magunia hupita, kwa hiyo uzito si shida. Shida ni kukosa ubao. Desturi ya njia ile ni kwamba watu hushuka na mizigo yao na kuvuka kwa miguu, dereva hupita peke yake. Mume na mke ndio hawavuki kabisa ndani ya gari moja, maana watoto wako nyumbani. Asubuhi, tukienda, nilivuka peke yangu, mlango wazi ili niweze kuruka, na usukani uliponivuta nililaumu mbao.

Wote wakashuka, wakatoa mizigo. Mama alibaki, kwa sababu hakuweza kutembea juu ya magogo. Na watu walipokuwa wanashuka mmoja mmoja, nilihisi gari ikipanda chini yangu.

Nilielewa papo hapo, nikiwa na mkono kwenye usukani. Nilikuwa nimeinyoosha gari iliyojaa, na mahali pale pekee ambapo kuyumba ni kuanguka, gari haikujaa. Nilijaribu hata hivyo. Gurudumu la mbele lilipopanda ubao wa kwanza, usukani ulinivuta kushoto, nikafunga breki. Nilishuka nikatazama. Gurudumu lilikuwa limesimama ukingoni mwa ubao, nusu yake juu ya hewa. Magurudumu yote mawili sasa yalikuwa yamejifunga, ncha zinatazamana, na gari imeinama upande alikokaa mama peke yake.

Niliirudisha nyuma.

“Mubebe, baba,” katekista aliniambia kwa sauti ya chini. “Ni mugonjwa. Mungu hawezi kasirika.”

Mama alisikia. “Ambia muzee wa kanisa mi sibebwe,” alimwambia binti yake kupitia dirishani.

“Basi wewe ungemubeba, mzee,” nilisema.

“Amesema habebwe. Mi nitabisha na mama ya mutu?”

Nikamuuliza kama angekubali kurudi kwenye kiti chake hadi tuvuke. Alitazama maji.

“Niko muzee,” akasema, “lakini miaka yenye inabaki ningali naitaka.”

Mwanamke mwenye mtoto alikuwa amekwishageuka upande mwingine. Mke wangu alipiga hatua kuelekea mlangoni. Nilitikisa kichwa.

“Batoto,” nilisema.

Alisimama mkono ukiwa kwenye mlango. Mama yake alikuwa upande ule wa kioo, mimi upande huu. Sijawahi kumwona mtu akisimama vile. Kisha akaondoa mkono.

Kupima upya na kubadilisha fimbo pale kwenye mteremko wa mto nisingeweza kwa uhakika, na baada ya daraja watu wangepanda na kazi ingeharibika tena. Nilikwenda kando ya mto kufikiri. Nilichokosa hakikuwa watu. Nilikosa uzito wao. Nikainua jiwe, nikalileta, nikaliweka kwenye kiti cha katekista.

“Sasa unajenga nyumba?” aliuliza.

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka mfuko wake chini, akapandisha suruali, akaingia majini. Mke wangu alifuata, na yule mwanamke pia, mtoto akiwa mgongoni. Tulibeba mawe na kuyapanga: ya katekista mbele, ya mke wangu katikati nyuma, ya mwanamke yule kando, mengine kwenye buti.

“Hiyo ni mingi, mi siko munene vile,” alilalamika mwanamke.

“Pamoja na mutoto,” katekista akasema.

“Ata na mutoto.”

“Hiyo kubwa muiweke mbali na muguu yangu,” mama alisema kutoka ndani.

Nilinyoosha uzi kandokando ya magurudumu, nikawa ninawaambia waongeze, wapunguze, waongeze. Ulipogusa mbele na nyuma nilikunja uzi. Wakavuka kwa miguu, wakatusubiri ng’ambo. Nikaingia.

Nilipopandisha magurudumu kwenye mbao, mama alisema, “Inavuta?”

Nilisubiri, kwa mazoea, mtu wa katikati alipokee swali lile na kunipa. Hapakuwa na mtu ndani ya gari ila mawe.

“Haivuti, mama.”

“Basi enda.”

Nilikwenda. Magogo yalilia chini yetu. Nilitazama mbao tu, na usukani haukunivuta hadi udongo ulipotupokea upande wa pili.

Tuliyatoa mawe na kuyarundika kando ya njia, kwa sababu watu walitaka viti vyao. Jioni, tukimrudisha, tuliyakuta palepale, tukayapakia, tukavuka, tukayaacha upande wa Lubondja. Ndivyo imekuwa tangu hapo; mama asipokuwa ndani ninavuka peke yangu bila mawe, taratibu, mlango wazi. Resori zilizokatwa huendelea kulala kidogokidogo, kwa hiyo kabla ya kila safari ninarudi kwenye saruji ya ndagala, na yule mama mwenye sauti huja kukaa bila kuitwa. Safari moja alimuuliza mke wangu kama ajipunguze zaidi ya mwanzo. Mke wangu alisema ndiyo.

Watu wa njia ile wameyazoea mawe yetu. Hakuna anayeyachukua kujengea. Mpita njia akiyakuta upande wa Lubondja, anajua mama yuko kwake. Akiyakuta upande wa Baraka, anajua yuko hospitali.

Safari iliyopita daktari alitazama mguu kwa muda mrefu, akasema safari hii asirudi, alale hapo. Mama alikuwa amepanda gari mwenyewe asubuhi ile, na kushuka mwenyewe mbele ya hospitali. Bado wanamsafisha, na bado hawajatuambia kama mguu utabaki. Mke wangu hulala naye. Mimi hufika hadi kwenye mlango wa wodi, nikasimama upande wa ukuta, na kuulizia kupitia yeye.

Juzi mke wangu alikutana sokoni na wanawake wa Lubondja walioleta mihogo. Hawakumuuliza habari ya mama. Mmoja alisema tu:

“Tumeona mawe ingali upande wa huku.”

“Ingali.”

“Tukirudi, tuyavushe? Tuko bengi.”

Mke wangu aliweka kikapu chake chini.

“Hapana,” aliwaambia. “Muache kwanza. Tutapita nayo, na mama ndani.”